Kuruka kwa miguu au kwa taya? Kumchagua mdudu wa kufundishia Mtwara na Lindi

Shule ya Newala, Mikindani au Nachingwea ikitaka kufundisha namna mdudu anavyoruka, haina haja ya kuagiza kitu Dar es Salaam. Uani kuna panzi. Chini ya gogo la mnazi lililooza huenda kuna chungu anayejirusha kwa kuibamiza ardhi kwa taya. Kwenye shina la mkorosho kuna kiumbe mwenye sura ya chungu, fundi wa kuruka, ila si chungu hata kidogo. Na vitabuni wamo chungu wanaoruka kwa miguu, maarufu kuliko wote, na hao ndio hasa hawapo huku.

Kazi ni kuchagua. Msimamo wetu tuuseme mapema: kwa vipimo chukua panzi, kwa somo la mageuko chukua chungu wa taya, na ukiwa na simu inayorekodi fremu (picha) 240 kwa sekunde fundisha wote wawili katika juma moja, panzi akitangulia. Anayeanza na chungu wa taya kwa sababu ndiye wa ajabu mara nyingi huambulia video yenye ukungu na vidole vilivyodungwa.

Wanaosingiziwa kuruka

Mtu akipita chini ya mkorosho akaumwa shingoni, atasema maji moto kamrukia. Maji moto haruki. Akihisi tawi linatikiswa hukimbilia penye mtikisiko, na wengine huachia majani wakaanguka. Huyu ni chungu mwenye kazi nyingine kabisa: hushikana miguu kwa msururu, wakavuta majani mawili yakutane, kisha huyashona kwa uzi wa hariri unaotolewa na viluwiluwi wao. Watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele, Mtwara, wamemchunguza kama mlinzi wa mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu mharibifu wa zao hilo, na kwa mkulima sifa hiyo inatosha. Kwa somo la kuruka, mwache juu alipo.

Siafu naye haruki, wala sisimizi wa jikoni. Kati ya spishi zaidi ya 14,000 za chungu zilizokwisha kupewa majina, wanaoruka ni wa jenasi (makundi ya spishi za karibu) chache tu. Chungu ni ukoo wa nyigu uliojikita ardhini; wafanyakazi wake hawana mabawa, na wengi wao wamefanikiwa maishani kwa kutembea na kukimbia.

Yupo mwingine wa kumjua kabla hujamfungia kwenye kopo. Ukiona "chungu" mmoja peke yake kwenye shina, anatembea kwa kusitasita, kisha anaruka mbele na kutua sawasawa pale alipopatazama, hesabu miguu. Ikiwa minane, huyo ni buibui arukaye wa jenasi Myrmarachne. Miguu yake ya mbele huiinua na kuitikisa kama vipapasio, na kiuno chake kimebanwa kama cha chungu. Namna yake ya kuruka haifanani na ya mdudu: buibui hana misuli ya kunyoosha baadhi ya viungo vya miguu yake, kwa hiyo huongeza shinikizo la majimaji mwilini na mguu ukanyooka kama mpira wa bustani uliofunguliwa maji. Akiruka huacha uzi nyuma. Ni mfano mzuri wa mwigo. Akiingizwa kwenye somo la chungu bila kutajwa, somo zima linapotoka.

Chungu wa miguu: wazuri, lakini wako mbali

Makundi matatu ndiyo yanayotajwa zaidi. Harpegnathos saltator yuko India na nchi jirani. Gigantiops destructor yuko misitu ya Amazon. Myrmecia, chungu wakali wenye mwiba wa sumu, ni wa Australia. Wote watatu wana macho makubwa kuliko kawaida ya chungu, na wote huwinda mmoja mmoja. Hilo si bahati nasibu: anayeruka kwa miguu anahitaji kujua anakokwenda.

Harpegnathos huisukuma ardhi kwa miguu ya kati na ya nyuma kwa pamoja, na anaweza kufika sentimeta 10 hivi. Kwa kawaida chungu anapotembea, miguu hupokezana mitatu mitatu, hivyo kuruka kunahitaji mishipa ya fahamu ivunje mpangilio huo na kuamuru miguu minne ifanye kazi kwa mpigo mmoja. Gigantiops ana nyongeza. Anapochupa hukunja tumbo kulileta mbele chini ya mwili, na uzito huo unaohama husaidia mwili usibiringike ovyo hewani.

Chungu hawa hawana miguu ya nyuma minene kama ya panzi. Ukiwatazama wakiwa wametulia huwezi kubashiri kwamba wanaruka. Kwa mwalimu hilo ndilo lenye thamani: tabia mpya inaweza kuanza kwa kubadili amri ya misuli iliyopo, kabla umbo la mguu halijabadilika. Zaidi ya hapo, kwa shule ya huku ni wa kutazama kwenye video tu. Wala usifikirie kuwaagiza hai. Kuingiza chungu wa nchi nyingine kunahitaji vibali, na chungu mgeni akitoroka kwenye shamba la mkulima hakuna wa kumrudisha.

Chungu wa taya: anachofanya na kwa nini kinawezekana

Jenasi ni Odontomachus. Spishi ya Odontomachus troglodytes imeenea Afrika ya tropiki, Tanzania ikiwemo. Mtambue hivi: urefu wa sentimeta 1 hivi, rangi ya kahawia iliyoiva hadi nyeusi, kichwa kirefu, na taya mbili nyembamba zilizonyooka zenye meno yaliyopinda nchani. Kiunoni ana kikonyo kimoja kinachoishia na mwiba ulioelekea juu. Akitembea amefungua taya, zinakaa wazi kabisa kwa nyuzi 180, kama mtu aliyenyoosha mikono yote miwili pembeni. Ukimgusa, taya hufunga kwa mlio mdogo wa "ti!" unaosikika chumba kikiwa kimya. Ukipata anayefanana naye lakini ana nusu ya ukubwa huo, pengine ni ndugu yake Anochetus, mwenye mtego wa namna ileile.

Mtoto yeyote aliyewahi kutengeneza manati anaelewa kinachotokea. Mkono huvuta mpira polepole, vidole vikaachia, jiwe likaondoka kwa kasi ambayo mkono peke yake usingeitoa. Ndani ya kichwa cha chungu huyu kuna msuli mkubwa wa kufunga taya, unaojaza sehemu kubwa ya kichwa. Taya zikiwa wazi, tako la kila taya hukaa kwenye kiungo chake kwa namna inayolifunga kama komeo. Msuli mkubwa huvuta huku komeo limeshika. Kwa kuwa taya haisogei, nguvu inakwenda kwingine: gamba la kichwa linabonyea kidogo, na kano inayouunganisha msuli na taya inanyooshwa. Hizo mbili ndizo springi. Kisha msuli mwingine mdogo, wenye kasi, huitoa taya kwenye komeo, na akiba yote inafyatuka.

Kifyatuo chenyewe ni nywele ndefu kwenye ukingo wa ndani wa taya. Kitu kikizigusa, taarifa hupita kwenye mishipa minene ya fahamu na taya hufunga kabla kilichogusa hakijapata kukimbia.

Vipimo vilivyosomwa na wengi ni vya mtafiti Sheila Patek na wenzake, waliochapisha mwaka 2006 kazi yao juu ya Odontomachus bauri wa Amerika ya tropiki. Walitumia kamera ya fremu 50,000 kwa sekunde. Taya zilifunga kwa wastani wa milisekunde 0.13, kwa mwendo wa mita 35 hadi 64 kwa sekunde, yaani kilomita 126 hadi 230 kwa saa. Pigo la taya moja lilikuwa na nguvu ya zaidi ya mara 300 ya uzito wa chungu mwenyewe, na chungu mwenyewe ana miligramu 12 hadi 15 tu.

Kuna kuruka kwa aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu ripoti nyingi. Ya kwanza ni kuruka kwa kukimbia hatari. Chungu huinamisha kichwa, taya zikaielekea ardhi, akafyatua. Ardhi haiendi popote, kwa hiyo anayeondoka ni yeye. Hupanda juu sentimeta 6 kwa wastani, wa juu kabisa waliopimwa walifika 8 na kidogo, na kwa mlalo husogea sentimeta 3 tu. Ya pili hutokea anapompiga adui au kitu kikubwa kilicho mbele yake. Pigo humrudisha nyuma, chini chini na mbali: wastani wa sentimeta 22, na waliozidi walikaribia 40. Ya kwanza ni ya juu, ya pili ni ya mbali. Mwanafunzi akiandika "chungu aliruka sentimeta 20" bila kusema ni ipi, hajaandika kitu.

Hewani hajiongozi. Anabiringika kama kopo lililopigwa teke na kutua popote, hata mgongoni. Hapa ndipo anapoachana kabisa na chungu wa miguu: yule analenga, huyu anajinasua.

Kipi kilitangulia?

Swali hili ndilo linalompa chungu wa taya nafasi ya kwanza kwenye somo la mageuko.

Taya za mtego ni za kuwindia. Mdudu mwepesi wa kuruka, anayeishi kwenye majani makavu, hakamatiki kwa taya za kawaida. Mtego wa namna hii umejitokeza zaidi ya mara moja katika ukoo wa chungu, tena kwa vifaa tofauti. Odontomachus na Anochetus wana komeo kwenye kiungo cha taya. Strumigenys, chungu wadogo wa milimita 2 au 3 wanaoishi kwenye udongo na majani yaliyooza, hutumia mdomo wa juu kuzuia taya zisifunge. Myrmoteras wa Asia ya Kusini-Mashariki wana mpangilio mwingine tena, springi ikiwa nyuma ya kichwa, na taya zao ni za polepole kuliko za Odontomachus. Ni sawa na mafundi wa vijiji vitatu waliotengeneza mtego wa panya bila kuonana: lengo moja, komeo tatu.

Kuruka kulikuja juu ya hayo. Ulipokuwepo mtego wenye nguvu kiasi hicho kwenye mwili mwepesi kiasi hicho, kila pigo kwenye kitu kizito lingemsukuma mwenye taya nyuma. Aliyesukumwa mbali na adui alibaki hai. Kuanzia hapo uteuzi wa asili ulikuwa na cha kushika. Kuinamisha kichwa na kuipiga ardhi kwa makusudi ni hatua ya tabia. Kwa kazi hiyo taya hazikuhitaji sehemu mpya.

Je, kuruka huko kunasaidia kweli, au ni mrindimo wa bunduki tu? Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio la chungu Odontomachus brunneus na yule mdudu anayechimba vishimo vya faneli kwenye mchanga mkavu, yule ambaye watoto wa Mtwara humchokoa kwa ujiti chini ya mapaa ya nyumba. Chungu waliogundishwa taya kwa gundi wasiweze kufyatua walinusurika kwa takriban nusu ya kiwango cha wenzao walioachwa na taya zao. Basi taya ziliumbika kwa kuulia, na bado zinaokoa maisha.

Jambo la kuongeza kwa wanafunzi wanaopenda mambo yaingie kwenye visanduku: mwaka huohuo iliripotiwa kwamba Odontomachus rixosus wa Borneo huruka pia kwa miguu. Mdudu mmoja, njia mbili. Na kwa kuwa Harpegnathos, Gigantiops na Myrmecia wako kwenye matawi tofauti ya ukoo wa chungu, kuruka kwa miguu nako kumeanza zaidi ya mara moja.

Panzi: wa kawaida, na ndiyo sifa yake

Panzi ana manati pia, ila iko gotini. Kabla ya kuruka hukunja mguu wa nyuma, kisha misuli ya kukunja na ya kukunjua hukazana pamoja kwa takriban nusu sekunde. Mguu hausogei, vipinde viwili vya gamba gumu pande za goti vinapinda na kano inanyooka. Msuli wa kukunja ukilegea, goti linafyatuka. Panzi mkubwa wa jamii ya nzige huisukuma ardhi kwa milisekunde 20 hadi 30.

Kwa mwalimu, tofauti kati ya milisekunde 0.13 na 25 ndiyo kila kitu. Simu ya fremu 240 hupiga picha moja kila milisekunde 4.2. Mguu wa panzi utaonekana kwenye fremu 6 hivi, ukikunjuka hatua kwa hatua. Taya ya chungu hufunga ndani ya sehemu ya 1/32 ya fremu moja: kwenye picha hii iko wazi, inayofuata imefunga, na katikati hakuna kitu. Kamera ya fremu 50,000 ilipata kwa taya fremu 6 au 7, yaani hizohizo simu yako inazopata kwa goti la panzi.

Panzi ni mrukaji bora pia, tena kwa hesabu. Panzi wa gramu 1.5 anayefika sentimeta 80 akiruka kwa nyuzi 45 aliondoka kwa mita 2.8 kwa sekunde, na nishati ya milijouli 6 hivi, sawa na karibu milijouli 4 kwa kila gramu ya mwili. Chungu wa miligramu 13 anayepanda sentimeta 8 ametumia milijouli 0.01, yaani 0.8 kwa gramu. Panzi anamshinda mara 5. Ajabu yote ya mwendo wa taya inapungua hapo, na wanafunzi wapewe nafasi ya kuuliza kwa nini. Jibu liko kwenye sehemu iliyotangulia: goti la panzi ni la kurukia, taya za chungu zimeazimwa.

| | Chungu wa miguu | Chungu wa taya | Panzi |
|---|---|---|---|
| Yupo Mtwara na Lindi? | Hapana | Ndiyo, kwa kutafuta | Ndiyo, tele |
| Kinachosukuma | Misuli ya miguu minne kwa pamoja | Springi ya kichwa na kano | Springi ya goti |
| Analenga? | Ndiyo, kwa macho | Hapana | Kwa kiasi |
| Simu ya fremu 240 | Video za wengine tu | Safari ya hewani tu | Msukumo na safari |
| Hatari | Hayupo | Mwiba unaouma | Miguu ya miiba midogo, basi |

Kumpima panzi

Tafuta tunutu, yaani panzi wachanga wasio na mabawa kamili, wenye urefu wa sentimeta 2 au zaidi. Mkubwa mwenye mabawa huruka na kupepea, na umbali unaoupima unakuwa wa mabawa. Epuka wale wa rangi rangi wenye harufu kali wanaokaa kwenye mihogo: ni wazito, wana sumu, na hawana haraka ya kukimbia kwa sababu ndege wanawajua. Usimshike kwa mguu wa nyuma. Panzi akibanwa huuachia mguu wake mwenyewe ukabaki mkononi mwako, na vipimo vyake vimekwisha.

Tandika nailoni nyeusi ya mita 2 pasipo na upepo, nyunyiza unga wa muhogo kwa chujio mpaka rangi nyeusi ianze kufifia. Mweke panzi kwenye mstari, mguse nyuma kwa ujiti wa chelewa, pima kutoka mstari hadi alama ya kwanza ya kutua. Panzi 5, kila mmoja mara 4, apumzike dakika 2 kati ya kuruka na kuruka. Asubuhi ya kusi yenye baridi watakupa umbali mdogo. Ngoja saa 4 jua likipanda. Umbali ukishuka mfululizo kwa panzi yuleyule, amechoka, mpumzishe. Kasi ya chini kabisa ya kuondoka ni kipeuo cha pili cha 9.8 mara umbali kwa mita. Akiruka kwa pembe nyingine tofauti na nyuzi 45, kasi halisi ni kubwa zaidi, na hapo ndipo video ya ubavuni inapohitajika.

Kumpiga video chungu wa taya

Msimu mzuri ni wa mvua, Desemba hadi Aprili. Kiangazi hushuka chini kwenye unyevu, na kwenye mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde utachimba bure. Tafuta chini ya magogo yaliyooza, vifuu vya nazi vilivyolundikana, majani makavu chini ya miembe mikubwa. Misitu kama Rondo ni hifadhi: bila kibali hata chungu hachukuliwi. Ukigeuza gogo, inua ukingo ulio mbali ukiuvuta kwako, ili nge au nyoka aliye chini atokee upande wa pili. Kisha ulirudishe lilivyokuwa.

Chukua wafanyakazi 8 hadi 10, basi. Usivunje kiota kumtafuta malkia. Makundi yao si makubwa kama ya siafu. Wasukume kwa brashi laini ya rangi waingie kwenye kopo la plastiki lenye pamba yenye maji. Vidole visitumike: mwiba uko nyuma, na anadunga. Mwanafunzi aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi kwa nyuki au nyigu asikaribie kabisa. Akidungwa mtu, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Pumzi ikibana au midomo ikivimba, ni hospitali papo hapo. Wape mchwa wawili watatu, na wasikae zaidi ya siku 2.

Kasha liwe jembamba: urefu sentimeta 50, upana 8, kimo 25. Ubavu wa mbele kioo cha dirisha, wa nyuma ubao uliobandikwa karatasi ya grafu, sakafu kigae. Sakafu ya mchanga mlegevu humeza sehemu ya pigo kwa kusogeza chembe, nawe utapata kimo kidogo. Futa kuta kwa poda ya watoto ili wasipande, funika kwa kipande cha chandarua.

Ipime simu yako kwanza. Zipo zinazoandika 240 lakini fremu za kweli ni 120, nyingine zimetungwa na programu. Dondosha sarafu kutoka mita 1 ukiwa unarekodi, hesabu fremu hadi inapogusa chini: ziwe 108, kosea kwa 2. Ukiona fremu zinajirudia mbili mbili, tumia 120 kwenye hesabu.

Simu ikae sentimeta 50 kutoka kwenye grafu, imefungwa isitikisike. Chungu aliye katikati ya kasha yuko sentimeta 4 mbele ya karatasi, kwa hiyo mwendo wake utaonekana mkubwa kwa karibu asilimia 9. Zidisha kila kipimo kwa 0.92. Kosa hili dogo linasahaulika kuliko yote, na ndilo linalozaa chungu wa sentimeta 9.

Mwanga ni kivuli chenye nuru cha asubuhi nje ya darasa. Ndani, taa ya umeme wa gridi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde na video itakuwa ya kuwaka na kufifia. Jua kali likipiga kioo, kasha linakuwa oveni na chungu watakufa ndani ya dakika chache.

Kwa kuruka kwa mbali, mguse mbele ya taya kwa ncha ngumu ya chelewa akiwa amezifungua. Kwa kuruka kwa juu huwezi kumlazimisha. Mpulizie pumzi kidogo kwa mrija au kigonge kigae karibu naye, kisha subiri. Wengine watadunga, wengine watakimbia. Mapigo 4 au 5 kwa chungu mmoja yanatosha. Taya zikibaki zimefungwa, amechoka au anaona joto. Mrudishe kwenye pamba.

Kimo kipime kwa njia mbili. Kwanza soma kwenye grafu. Halafu hesabu fremu tangu kuondoka hadi kutua: fremu 60 ni sekunde 0.25, na kimo ni 9.8 mara muda mraba, gawa kwa 8, yaani sentimeta 7.7. Kukosea fremu moja kunabadili jibu kwa milimita 2 na nusu. Majibu mawili yakitofautiana kwa zaidi ya sentimeta 1, kagua kama aligonga ukuta au kioo njiani, wengi hugonga.

Kwa shule ipi, yupi

Pasipo na simu ya maana, panzi na unga wa muhogo. Vipimo 20 vya umbali vinatoa wastani, grafu na mjadala, na gharama ni nailoni tu.

Palipo na simu nzuri na darasa la watu 40 au zaidi, bado panzi mbele, kisha chungu wa taya aonyeshwe na mwalimu peke yake. Kasha moja haliwezi kutazamwa na watu 40, kwa hiyo rekodi mapema na uwaonyeshe fremu kwa fremu.

Klabu ndogo ya wanafunzi 6 au 8 wenye subira wapewe chungu wa taya moja kwa moja, na swali la kuchunguza liwe dogo: je, kwenye kigae anapanda juu kuliko kwenye mchanga? Chungu 8, sakafu mbili, mapigo 4 kila moja. Hiyo ni wiki mbili za kazi. Kila chungu arudishwe chini ya gogo alikotoka kabla ya magharibi ya siku ya pili, si gogo la jirani, kwa maana wenye gogo hilo watamuua.